Zamu ya Chini ya Jiko

Tarehe 3, Mwezi wa Ukungu, mwaka wa tatu wa Hekalu

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukiona ina madoa ya unga usinilaumu, naiandikia juu ya meza ya kukandia. Sisi huku hatujambo kiasi. Tanuri limepata ufa upande wa kushoto, kwa hiyo mikate ya upande huo inatoka imekauka kama kigae na ya upande wa kulia inatoka mibichi katikati. Wateja wananung'unika lakini wananunua, maana mwoka mikate mwingine yuko ng'ambo ya mto na mkewe ana mdomo mbaya kuliko wangu. Mume wangu anakusalimu. Amesema nisikuchokoze.

Baba naye yupo. Aliteleza kwenye ngazi ya karakana wiki mbili zilizopita akaumia mguu. Si jambo la kutisha. Amekaa kitandani anaamrisha watu tu. Milango yote ya mtaa huu aliitengeneza yeye, basi akisikia bawaba inalia kwa jirani anataka mtu aende sasa hivi akaitie mafuta. Nimekwenda mara nne wiki hii. Jirani ananiangalia kama mwendawazimu.

Haya Shangazi, sasa neno langu. Huu ni mwaka wa tatu tangu wakubwa wafunge nyumba yenu ya watawa na kuwapa makuhani wa mungu wa mvua waifanye hekalu. Tulisikia watawa wote mmefunguliwa viapo, kila mmoja aende kwao. Baba alikupangia chumba, akatengeneza na kitanda, kizuri kuliko changu. Kitanda kipo, mtu hayupo. Kila mwaka unaandika kwamba umebaki kufagia. Unafagia nini huko kisichoisha? Mimi nina miaka thelathini na minane na sijawahi kukuona uso. Baba anakuulizia. Njoo hata kwa mwezi mmoja.

Mwanao,
Kidomo


Tarehe 28, Mwezi wa Ukungu, mwaka wa 612 wa Zamu

Kidomo mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na madoa yake, na nimeinusa kwanza kabla ya kuisoma. Mwambie mume wako nimekwisha kuchokozwa, amechelewa. Kuhusu tanuri, chukua majivu na udongo na chumvi kidogo, paka ndani likiwa vuguvugu. Ndivyo tulivyofanya hapa miaka yote.

Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua na macho yamekuwa mazito, basi. Umeuliza nafagia nini. Ungeiona nyumba hii ungenihurumia. Bweni letu sasa ni ghala la ngoma. Ukumbi wa kulia wameupaka rangi ya buluu na kuchora mawingu ukutani, na wingu moja limetoka kama kiatu, ila hakuna anayethubutu kumwambia Kuhani Mkuu kwa sababu alilichora mwenyewe. Ile bustani tulimotembea kimya kimya, tukiongea kwa vidole, sasa ina mahujaji kutwa nzima, wanakula, wanagombana, wanapotezana na watoto. Ngoma asubuhi, ngoma mchana. Miaka mia sita hakuna aliyepaza sauti humu ndani, na leo Mpishi wa hekalu anaimba nyimbo za mapenzi akikwangua masufuria. Anaimba vibaya, maskini, tena kwa nguvu.

Tuliobaki ni wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Nyuki. Wengine wamekwenda kwao, wengine wamelala. Makuhani wanatuvumilia kama paka wa zamani wa nyumba. Siwezi kuja, mwanangu. Nina kazi hapa, na usiniulize kazi gani, maana nitakudanganya na mimi sijazoea.

Kitu kimoja. Mguu hauandikiwi kurasa mbili. Baba yako ana nini?

Shangazi yako


Tarehe 19, Mwezi wa Upepo, mwaka wa tatu wa Hekalu

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imechukua karibu wiki saba, mwezi mzima umepita katikati. Tarishi anasema yule mjusi wake wa mizigo alivimba jino, akagoma kabisa kupanda mlima. Nimemwambia tarishi ambebe yeye mjusi mgongoni, hakucheka. Majivu na chumvi yamefaa. Mikate imerudi kuwa mikate.

Haya, nimekudanganya. Si mguu. Mguu ulipona siku ileile. Ni kifua. Unga wa mbao wa miaka hamsini umemjaa humo, akipumua unasikia kama mtu anapiga randa chumba cha pili. Tabibu ameniita nje, akaniambia akifika Mwezi wa Majani tushukuru. Baba alinikataza nisikwambie. Akasema ukija uje kwa hiari, si kwa kuvutwa na jeneza. Na mimi nimechoka, Shangazi. Nakanda, nachoma, nauza, nikitoka hapo nakwenda kumkalisha na kumlaza na kumfuta jasho, na yeye ananiomba radhi kila ninapomgusa. Sitaki radhi zake. Nataka apone, na haponi.

Sasa sikiliza. Juzi homa ilimpanda. Akanishika mkono akidhani mimi ni wewe. Akasema, "Ilikuwa zamu yangu. Jina lilikuwa langu." Akairudia mpaka akalala. Alipoamka nikamuuliza zamu gani. Akageukia ukutani. Baba yangu, aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kugeukia ukutani watu wakizungumza nami!

Mnanificha nini ninyi wawili? Mimi ndiye ninayebadilisha mashuka. Nina haki ya kujua. Na kama kazi yako ni ufagio, basi uweke chini na uje, au useme wazi kwamba humtaki kaka yako, nijue moja.

Kidomo


Tarehe 11, Mwezi wa Jua Kali, mwaka wa 612 wa Zamu

Mwanangu,

Marahaba. Wape pole wote nyumbani. Huku kuna msiba: Nyuki amefariki siku nane zilizopita, akiwa ameketi. Makuhani walitaka kumpigia ngoma. Niliwaomba wasipige, wakakubali, wana ubinadamu wao. Sasa nimebaki peke yangu, na nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Namtaka kaka yangu. Usiandike tena maneno yale.

Nilikula kiapo kutosema. Waliokisikia kiapo changu wote wamekufa, basi nakwambia wewe. Ukishasoma choma.

Chini ya jiko la nyumba hii kuna ngazi kumi na nne. Mwisho wa ngazi kuna chumba kidogo cha mawe, na chini ya sakafu ya chumba hicho amelala yeye. Sijui ni kitu gani. Waliotutangulia walimwita Mlalaji. Ukiweka kiganja sakafuni unapata joto, na sakafu inapanda na kushuka polepole kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ni mkubwa kuliko nyumba, pengine kuliko mlima. Zamani aliamka mara moja, na bonde mnaloishi ninyi ndipo alipojinyoosha mkono.

Nyumba yetu ilijengwa ili asiamke. Kazi yetu yote, sala zote, viapo vyote, vilikuwa kwa ajili ya kitu kimoja: mtu aketi pale chini, afunge mdomo, avumishe sauti puani. Sauti moja tu, haipandi haishuki. Tunaiita Mvumo. Mchana na usiku, kwa zamu. Na ili Mvumo usivurugwe, nyumba nzima ilikaa kimya. Anayekuja kukupokea anaketi kando yako, anavuma pamoja nawe pumzi tisa, ndipo anakugusa bega na wewe unanyamaza. Pengo likizidi pumzi tisa, Mlalaji anageuka. Ndivyo tulivyofundishwa. Tulikuwa arobaini. Sasa niko mimi. Nalala vipande vipande visivyofika pumzi tisa, nikishtuka navuma. Nikifagia navuma. Mpishi anadhani nimechanganyikiwa, ananiwekea chakula kwenye ngazi.

Na habari ya baba yako ni hii. Kila kizazi, kila ukoo wa bonde lile ulitoa mtu mmoja. Kura ilimwangukia yeye. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kumwoa mama yako. Nilimkuta karakanani amekaa sakafuni kati ya mbao anatetemeka, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Nikasema nitakwenda mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikuwa na mchumba, na sikupenda kuoka mikate. Hakuna aliyenisukuma. Yeye hakunisukuma. Lakini pia hakunikataza, na hilo la pili ndilo limemkaa kifuani, si unga wa mbao peke yake.

Mwambie sina kinyongo. Siku za mwanzo nilikuwa nacho, sikufichi, ila kinyongo nacho kinachoka. Siwezi kuja, mwanangu. Nikiondoka hakuna wa kunipokea. Nimechoka hadi mifupa inanikera.

Shangazi yako


Tarehe 2, Mwezi wa Mavuno, mwaka wa tatu wa Hekalu

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa Nyuki. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama na mikate ikaungua yote. Sijaichoma. Nisamehe, sina barua zako nyingi za kuchoma.

Nilimwambia Baba kwamba nimejua, na kwamba huna kinyongo. Akauliza, "Amesema au umemsemea?" Nikamwonyesha mahali ulipoandika. Aliweka kidole pale, hakukitoa mpaka chai ikapoa.

Sijui kama naamini mambo ya Mlalaji. Lakini naamini umechoka, maana mwandiko wako umeanza kuteremka pembeni mwa karatasi. Basi nifundishe. Nitakuja mimi nikushikie zamu, wewe ushuke uje umwone. Mume wangu ataoka, watu watakula mawe mwezi mmoja, hawatakufa. Jibu haraka. Hatoki tena kitandani. Mwezi wa Majani hauko mbali.

Kidomo


Tarehe 24, Mwezi wa Mavuno

Kidomo wangu,

Marahaba, marahaba. Wewe ni mtoto wa baba yako na hujui ni sifa kubwa kiasi gani. Lakini hutakuja. Nakuja mimi.

Nimelala, mwanangu. Nilikuwa kwenye ngazi na bakuli mkononi, nikaona nifumbe macho kidogo. Nilipoyafumbua nilikuwa kwenye kitanda cha Mpishi, nimefunikwa, na Mpishi anamenya viazi akiimba. Nikamuuliza nimelala muda gani. Akasema, "Tangu jana asubuhi, na unakoroma kuliko Kuhani Mkuu." Jana asubuhi! Nilishuka ngazi zile kwa makalio, magoti yalikataa. Nikaweka viganja sakafuni. Joto lilelile. Kupanda, kushuka. Mlalaji amelala fofofo, hajajua kama nimekuwepo wala kama nimeondoka.

Nilishuka nikidhani nitamkuta ameamka. Nikadhani ni bahati. Siku ya tatu nikakaa pale chini makusudi na mdomo wazi, sikuvuma, toka ngoma ya asubuhi hadi ya mchana. Hakuna kitu. Kisha ikaja siku ya kufua. Hekalu zima linashuka mtoni na vitambaa vya madhabahu, hata Mpishi. Mahujaji hawaruhusiwi. Nyumba ikawa kimya kama zamani. Hapo ndipo sakafu ilipojikunja, Kidomo. Vikombe vya jikoni vikagongana juu yangu. Nikafunga mdomo nivume, sauti haikutoka kwa hofu. Mara namsikia Mpishi huko juu amerudi, amesahau kandambili, anazitukana kana kwamba zina masikio. Anatupa masufuria huku na huku akizitafuta. Na sakafu ikatulia. Ikatulia palepale.

Umeelewa? Hataki Mvumo. Anataka kusikia watu tu, watu wowote. Ngoma, ugomvi, mtoto anayelia, nyimbo mbovu za mapenzi, hata mtu anayekoroma usiku. Sisi ndio tuliojinyamazisha nyumba nzima, kisha tukaumaliza ujana wetu kuziba kimya tulichokileta wenyewe. Miaka mia sita. Laiti tungepika pamoja na kuzungumza, tungelala wote usingizi wetu. Nilicheka. Halafu nililia mpaka Mpishi akanipa asali kwa kijiko kama mtoto. Nina hasira, mwanangu, na sina wa kumkasirikia, wote waliokosea walikuwa watu wema.

Nimemwambia Mpishi siri yote. Nimemwambia jiko hili lisikae bila mtu anayesema. Akanitazama akaniuliza lini nimewahi kumwona amenyamaza. Basi kazi iko kwenye mikono salama, au tuseme kwenye mdomo salama.

Naondoka tarehe 30 na msafara wa mahujaji wanaorudi. Magoti yangu yatatuchelewesha, ila kabla Mwezi wa Majani haujafika nusu nitakuwa nimevuka daraja.

Sasa nakuomba kitu kimoja kwa nguvu zote. Baba yako asijue. Amebeba miaka arobaini na mmoja akidhani nilikaa mahali pake kuzuia bonde lisimezwe. Akijua kwamba mpishi mmoja na masufuria angetosha, itakuwa nilipotea bure na yeye ndiye aliyenipoteza. Mwambie zamu yangu imeisha, nimepokewa vizuri, nakuja kupumzika. Si uongo wote.

Shangazi yako


Tarehe 9, Mwezi wa Majani

Kwa Shangazi yangu, ikabidhiwe kwake kituo cha tarishi cha darajani, mama mzee mwenye magoti mabaya anayetoka hekaluni

Shikamoo Shangazi. Natumaini umefika hapo salama na wamekupa mahali pa kuketi. Barua hii naituma kwako njiani kwa sababu siwezi kukungoja mlangoni na uso wa uongo.

Amejua. Sikumwambia. Tarishi alipogonga nilikuwa karibu naye, nikafungua, nikaanza kusoma kimoyomoyo. Akasema, "Soma kwa sauti." Nikasoma salamu, nikasoma kwamba unakuja. Kisha nikaanza kutunga. Nikasema umepokewa vizuri, zamu imeisha. Baba akasema, "Karatasi mbili zote zimesema hivyo tu? Lete." Nikasema macho yako, Baba. Akasema, "Macho ni mazima. Ni kifua kinachokufa. Lete hapa."

Aliisoma yote. Kwa mwendo wake, aya, anapumzika, aya. Mimi nimesimama na mikono kwenye aproni kama mwizi. Alipofika kwenye kandambili za Mpishi akaanza kutikisika, nikadhani ni kikohozi nikakimbilia maji. Kumbe anacheka. Sijamsikia akicheka tangu mama afariki. Akacheka mpaka machozi, akasema, "Basi angeweza kuja harusini kwangu." Akairudia mara mbili. Na mara ya pili hakuwa anacheka tena.

Alilia, Shangazi. Sikujua la kufanya, nikapanda kitandani nikamkumbatia, mwepesi kama kapu tupu. Akasema si kwamba ulipotea bure. Akasema, "Mimi nilimwacha aende kwa sababu niliogopa. Kama kulikuwa na kitu chini au hakikuwepo, mimi sikujua, na nilimwacha." Akasema nisithubutu kumwombea msamaha mbele yako. Atauomba mwenyewe, anataka akuone uso.

Tabibu alikuja siku ileile. Akasema Baba amebakiza siku tatu. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo.

Niliporudi ndani nilimkuta ameketi, ameegemea ukuta, amefunga mdomo, na sauti inatoka puani. Moja tu, haipandi haishuki. Nikauliza, Baba, unafanya nini? Akainua kidole nisubiri, akamaliza pumzi, akasema, "Zamu yangu." Nikamwambia chini ya nyumba hii hakuna mtu, kuna panya tu. Akasema anajua. Akaendelea. Akikohoa anashika ubavu, anahesabu kwa vidole, na kabla ya pumzi ya tisa amerudi. Niliketi kando yake nikavuma naye pumzi tisa kama ulivyoandika, nikamgusa bega, nikamwambia nimekupokea Baba, lala. Akautoa mkono wangu taratibu. Anasema hampi mtu mwingine zamu hii.

Zilikuwa siku tatu, Shangazi. Leo ni ya sita, na ninapoandika namsikia bado. Sauti imekuwa nyembamba sana. Achana na msafara, muombe tarishi akupandishe kwenye mjusi, nimekwisha kuzungumza naye. Njoo umpokee.

Kidomo